Kuku Bado Yupo

Nina dukuduku ambalo limenikaa rohoni tangu muhula wa pili. Wengi wenu mlikuwa ukumbini Ijumaa ile chama chetu kilipojadili hoja kwamba kunakili programu ya kulipia na kumpa mwenzako si wizi. Mimi ndimi niliyekuwa msemaji mkuu wa upande uliounga hoja mkono. Tuliwabwaga wapinzani wetu kwa kura nyingi, vifijo vikapigwa hadi watu wa maabara wakaja kuuliza kuna nini. Leo naandika kwa sababu sikusema yote niliyoyajua, na baadhi ya niliyoyasema yananinyima usingizi.

Kwanza nifichue nilichokificha. Kaka yangu mkubwa ana kibanda cha simu mjini Kisii, si mbali na soko la Daraja Mbili. Anatengeneza simu, anauza chaja na kubadilisha vioo, anajaza nyimbo na filamu kwenye memori kadi. Likizo zikifika mimi humsaidia. Mwaka jana akapata, sijui kutoka kwa nani, programu ya kuelekeza njia, zile ambazo simu inakwambia "geuka kushoto, geuka kulia". Programu yenyewe ni ya kulipia, lakini hii yake ilikuwa imefunguliwa kufuli kimagendo. Ukishaiweka kwenye simu pamoja na ramani ya Kenya nzima, haiulizi bando. Hilo ndilo lililowavutia watu. Mtu wa hapa kwetu haulizi njia ya kwenda Keroka wala Nyamira, lakini dereva wa Probox aliyekodiwa kupeleka wageni matangani Narok, ama kijana wa bodaboda aliyetumwa na mzigo mpaka ng'ambo ya Sotik, huyo anahitaji kuelekezwa, na bando lake limeisha tangu asubuhi.

Bei ilikuwa mia moja. Kazi ya kunakili ilikuwa yangu. Siku nzuri tulihudumia watu wanane au tisa, na nauli yangu ya matatu pamoja na chakula cha mchana hapa shuleni vilitoka humo humo. Kwa hiyo, jameni, siku ile niliposimama ukumbini kifua mbele, sikuwa natetea hoja ya mdahalo tu. Nilikuwa natetea mfuko wangu.

Hoja yangu kubwa, ambayo wengi mliikariri kwa wiki nzima, ilikuwa ya kuku. Nilisema: ukiniibia kuku, nitaamka asubuhi nikute kizimba kitupu. Lakini ukinakili programu yangu, kuku bado yupo kizimbani; wewe umepata wako, nami sijapungukiwa hata na unyoya. Wizi uko wapi? Halafu nikaongeza ile ya pili: hao wenye kampuni za ng'ambo walipiga picha milima na mashamba yetu kutoka angani, wakachora njia tulizozikanyaga sisi na babu zetu, je, walituomba ruhusa? Walitulipa? Mbona basi sisi tulipie njia ya kwetu?

Hiyo ya pili bado naiheshimu kidogo. Hiyo ya kwanza imenivunjikia mkononi, na ni jarida hili hili unalolisoma ndilo lililoivunja.

Mnakumbuka toleo la mwaka jana. Tuliandika, tukachapa kwenye tarakilishi moja inayozimika kila stima ikitikisika, Mwalimu mlezi wa chama akasahihisha mpaka usiku, halafu tukapeleka kwa mpiga chapa mjini. Nakala mia tatu. Tulikubaliana tuuze kila moja shilingi themanini, tumlipe mpiga chapa, na kitakachobaki kiwe cha safari ya chama. Siku ya tatu baada ya kulitoa, mtu mmoja ambaye mpaka leo hatumjui alilipiga picha ukurasa kwa ukurasa, akalirusha kwenye vikundi vya WhatsApp. Kufikia Jumatatu shule nzima ilikuwa imelisoma. Hata mashairi yangu nilisomewa na mama mmoja stejini, ambaye mwanawe yuko Kidato cha Kwanza! Nilifurahi, sitadanganya. Lakini nakala mia moja na arubaini zikabaki kwenye maboksi chini ya ngazi, na safari ikafa.

Nilifuatana na Mwalimu kwenda kumwomba mpiga chapa atuvumilie. Hakutukaripia. Alitutazama tu, akasema karatasi na wino alinunua kwa pesa, na vijana wake wawili wameshakula mshahara. Njiani kurudi Mwalimu hakusema neno. Wiki iliyofuata nilipokuwa nalalamika chini ya mti, mvulana wa Kidato cha Pili akanijibu bila ubaya wowote: "Lakini, kaka, magazeti yenu si bado yako pale chini ya ngazi? Hakuna aliyeyaiba."

Kuku bado yupo! Maneno yangu mwenyewe, yamenirudia yakiwa na mabawa.

Hapo ndipo nilipoona hoja ile ilipooza. Kuku wa jarida hakuwa zile karatasi. Alikuwa ni zile usiku za kusahihisha, wino wa mpiga chapa, na ile themanini ambayo msomaji angeitoa kama asingeletewa bure. Programu nayo ni vivyo hivyo. Yuko mtu mahali fulani aliyekaa akaandika, na mwingine anayerekebisha ramani kila barabara inapobadilika. Wa ng'ambo au wa Nyamira, tumbo ni tumbo.

Kuna lingine ambalo sikulitaja ukumbini. Dereva mmoja alirudi kibandani akiwa amefura kwa hasira. Programu tuliyompa ilikuwa imemgomea katikati ya safari, usiku, na abiria ndani, ikimwambia alipe kwanza. Angemlalamikia nani? Mwenye programu hamjui wala hajawahi kumlipa. Akaja kwetu, nasi tukainua mabega. Pesa zake hatukumrudishia. Tulikuwa wauzaji siku ya kupokea mia, siku ya lawama tukawa wapita njia. Hilo linaniuma kuliko habari ya kampuni.

Sasa nisije nikaeleweka vibaya, maana najua kuna watakaosema nimeokoka ghafla. Sisemi kila anayenakili ni mwizi. Nina mjomba Tabaka, mchongaji wa yale mawe laini yetu ambayo watalii huyaita mawe ya sabuni. Vijana wanaokuja kujifunza kwake huiga kila anachochonga: kiboko, bakuli, watu waliokumbatiana. Akina mama wanaosugua na kung'arisha kwa maji na msasa nao wanajua mitindo yake yote. Mjomba hakasiriki kamwe, kwa sababu naye alijifunza kwa kuiga. Lakini alikuja mchuuzi mmoja akapiga picha sanamu zake kumi na mbili kwa simu, akajifanya ataagiza, kumbe akaenda kuchongesha kwingine kwa bei ya chini na kuuzia maduka yale yale ya Nairobi ambayo mjomba huuzia. Huyo mjomba hataki hata kumsikia akitajwa. Mkono uliiga ni mkono, jiwe ni jiwe, lakini mmoja ameiga ili ajue na mwingine ameiga ili amnyang'anye mwenzake soko. Kwa hiyo rafiki anayenipa kitabu nikanakili sura moja kwa kuwa tuko watatu kwenye kitabu kimoja, simwiti mwizi. Kibanda chetu, ambacho kiliuza jasho la mtu mwingine kwa mia mia, hicho sijui nikiite nini kingine.

Dada yetu wa Kidato cha Pili aliyetupinga siku ile alitaja sheria, nasi tukamzomea. Namwomba radhi, kwani alikuwa sawa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inazilinda programu za tarakilishi, tena inazilinda na ramani pia, sawasawa na vitabu na nyimbo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 40, nayo inaiagiza serikali ilinde mali ya ubunifu ya Wakenya. Aliyenunua programu kihalali anaruhusiwa kujiwekea nakala ya akiba. Kuuza nakala Daraja Mbili hakumo. Lakini tuseme ukweli, pale sokoni sijamwona mtu akitishika na sheria hiyo, na ndiyo sababu sikuanza nayo.

Ile hoja ya bei je? Ati hatuna kadi za benki za kulipia vitu vya ng'ambo? Ilikuwa hoja zamani. Siku hizi duka la programu la Google linapokea M-Pesa. Kwamba ni ghali kwa mtu wa bodaboda, hapo nakubali kabisa.

Na hapa ndipo narudi kwenye ile hoja yangu ya pili, ya njia za babu zetu, maana nilipokuwa natafuta namna ya kujitetea niligundua kwamba wako watu walioiuliza kabla yangu na wakaijibu kwa vitendo. Mwaka 2004 Mwingereza mmoja, Steve Coast, alianzisha OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kawaida wanaojitolea. Unaruhusiwa kuinakili mpaka uchoke, bora utaje ilikotoka, na ukiiboresha uache wengine nao wafaidi. Mwaka 2009 vijana wa Kibera kule Nairobi, ambako kwenye ramani palikuwa kama hapana watu, walizunguka vichochoro na vyombo vya kupimia mahali, wakaweka vyoo, zahanati, shule na vituo vya maji. Dar es Salaam nako, kuanzia mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo na wakaazi walichora mitaa inayofurika maji chini ya mradi wa Ramani Huria. Hakuna aliyevunja kufuli la mtu. Zipo programu za kuisoma ramani hiyo, kama Organic Maps, ambazo ni bure na hazihitaji bando ukishapakua. Kumbe tulikuwa tunaiba maji huku tumesimama mtoni!

Nilimweleza kaka. Alinisikiliza huku akichomelea simu ya mtu. "We mdogo wangu," akasema, "cha bure nitamuuzia nani?" Nikamwambia auze kazi yake: amwekee mtu programu, ampakulie ramani, amfundishe kuitumia, atoze hamsini. Alijaribu. Wiki ya kwanza tulipata wateja wanne tu, kwa sababu kibanda cha pili kutoka chetu bado kinauza ile ya kuvunjwa, na wateja wanasema sauti yake ni nzuri zaidi. Kweli ni nzuri zaidi. Mama naye aliniuliza kama huo uadilifu wangu utalipa chakula cha mchana. Sikuwa na jibu, na muhula huu kuna siku nimekula mahindi ya kuchoma tu.

Ramani ya bure nayo ina mapengo yake. Njia ya mkato ninayopita kuja shuleni, inayokata kwenye majani chai na kuvuka kijito, haikuwamo. Wala josho la ng'ombe, wala kisima. Nimeyaongeza yote matatu, na mhudumu mmoja wa bodaboda amekwisha nionyesha kisima chetu kwenye simu yake bila kujua ni mimi niliyekiweka.

Memori kadi yenye ile programu ya magendo bado iko kwenye droo ya kaka, chini ya chaja. Nimeiona. Hajaitupa, nami sijathubutu kuigusa. Deni la mpiga chapa nalo bado halijaisha. Toleo hili mlilo nalo mkononi ni shilingi themanini, na kama wewe unalisomea kwenye simu, mimi huketi dawati la pili karibu na dirisha, Kidato cha Tatu Mashariki. Napokea hata sarafu.