Extraction 2 si ngumi tupu

Mhakiki mmoja ameandika kwamba Extraction 2, filamu ya mwaka 2023 iliyoongozwa na Sam Hargrave, ni ngumi na risasi tupu, na kwamba dakika zake 21 za kutoroka gerezani ni mbwembwe za kamera. Amekosea.

Ni kweli, vipande viliungwa kwa ustadi ili vionekane kama pigo moja la kamera. Lakini tazama kinachotendeka. Tyler Rake, mamluki anayeigizwa na Chris Hemsworth, anamtoa mama aitwaye Ketevan na wanawe wawili katika gereza la Georgia, na kwa kuwa kamera haikati, nasi hatupati pa kupumulia. Tunakimbia na mama yule kati ya wafungwa wenye ghasia, tunaingia garini, tunapanda treni. Hargrave alitokea kwenye kazi ya kuigiza matukio ya hatari. Anaujua mwili unavyochoka, na humu uchovu unaonekana waziwazi.

Eti hakuna hadithi! Na Sandro, mwana wa Ketevan, je? Kijana huyo anaokolewa, kisha anampigia simu ami yake Zurab, jambazi, na kuwaleta wauaji hadi Vienna walikojificha, kwa sababu baba yake aliuawa katika uokoaji uleule. Zurab mwenyewe, nakiri, hakunigusa sana. Ila anayemkimbilia Sandro ni Rake, mtu aliyekwenda vitani Afghanistan akamwacha mwanawe mgonjwa afe bila yeye. Mhakiki hakuandika hata sentensi moja juu ya mtoto huyo.