Wasee wa Haiki, Tuombe Njia Yetu Kabla Haijawa Ploti

Nilikuwa na njia yangu ya Jumapili. Unatoka Kitengela mjini, unaacha kelele za matatu, unashika kijia cha ng'ombe kuelekea mtoni, na baada ya saa moja hivi unaangaliana na twiga. Juzi nimeenda na marafiki wawili, tukakuta kijia kimeishia kwenye ua wa nyaya. Ndani hakuna nyumba wala shamba. Kuna mawe ya mipaka na bango: ploti za hamsini kwa mia, hati ziko tayari. Tukageuka, tukarudi steji kimyakimya.

Sina ugomvi na mwenye ploti. Amenunua kwa jasho lake, na wengi wetu tuliohamia Kitengela tunalala kwenye ploti kama hiyo. Shida ni kwamba kijia kile, kilichokanyagwa na mifugo, watoto wa shule na akina mama wanaoteka maji, hakikuandikwa popote. Ndiyo maana kilifungwa bila mtu yeyote kuulizwa.

Kwa hivyo naomba hivi: Kajiado itenge njia moja ndefu ya kutembea, yenye jina, alama na ulinzi wa sheria, na itengwe sasa.

Hebu iwazie. Siku ya kwanza unaanzia Kitengela, unakata mbuga kuelekea Tuala huku Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ikiwa upande wako wa kulia. Unapita Kiserian, unapanda Milima ya Ngong, zaidi ya mita 2,400 juu, upepo ukitaka kukunyang'anya kofia. Halafu unateremka Kona Baridi kuingia Bonde la Ufa, unalala Olorgesailie penye shoka za mawe za watu wa kale, na unamalizia Magadi, kwenye ziwa la chumvi na joto la kukausha midomo. Hizo ni kilomita zaidi ya 100 ndani ya kaunti moja, na unaanzia mahali unapofika kwa matatu.

Wenzetu wamefanya. Rwanda ina Congo Nile Trail, kilomita 227 kando ya Ziwa Kivu kutoka Rubavu hadi Rusizi, na wanaotembea hulala na kula vijijini njiani. Marekani wana Appalachian Trail, zaidi ya kilomita 3,500. Sheria ya mwaka 1968 iliipa hadhi ya kitaifa, lakini wanaofyeka nyasi na kupaka alama kwenye miti ni vilabu vya watu wa kujitolea, watu wa wikendi kama sisi.

Hapa kwetu sheria haijatufungia mlango. Sheria ya Ardhi ya 2012 inaruhusu serikali ya kaunti, chama au hata kikundi cha watu kuiomba Tume ya Kitaifa ya Ardhi itambue haki ya jamii kupita mahali fulani, na mwenye ardhi anastahili fidia. Lakini fidia ya ukanda mwembamba kwenye malisho si sawa na fidia ya kubomoa ukuta wa mtu. Kila mwaka tunaongoja, bei inapanda.

Sasa tuambiane ukweli, sisi wa haiki. Siku moja mzee mmoja Mmaasai alitusimamisha karibu na boma lake. Akasema, "Vijana, kila Jumamosi mnapita hapa na viatu vya pesa nyingi. Mnaniachia nini? Chupa." Hatukuwa na jibu, na alikuwa sawa. Tunamlipa dereva, tunamlipa anayepanga safari, tunalipa langoni tukienda msitu wa Ngong. Mwenye nyasi tunazokanyaga hapati kitu.

Mwaka 2000 kulianza mpango wa kuwalipa wafugaji wa Kitengela dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke ua, wanyama wa mbugani wapate kupita. Wazo lilikuwa zuri, ila pesa zilitegemea wafadhili, na mfadhili ana siku yake ya kuondoka. Njia yetu ijilipie. Tiketi ikatwe kwa M-Pesa, na sehemu kubwa ya pesa iende kwa familia ambazo njia inapita kwao, kulingana na urefu wa kipande chao. Zinazobaki zilipe usafi, alama, vyoo na waongozaji.

Waongozaji si mapambo. Juni 2012 simba sita waliuawa Kitengela baada ya kuvamia mifugo. Hii ni nchi yenye simba. Morani aliyekulia hapo anajua wapi usipite jioni, na simu yako haijui. Kazi hiyo iwe yake, kwa malipo ya heshima.

Na isimamiwe na kamati moja: wenye ardhi wakiwa wengi, halafu kaunti, KWS, KFS na wawakilishi wa vikundi vya haiki. Kila mmoja akiwa na ofisi yake na risiti yake, tutalipa mara nne na choo hakitajengwa.

Najua kuna atakayesema, "Bro, Kitengela maji tunanunua kwa lori, wewe unataka njia ya kutembea?" Ni kweli, maji kwanza. Lakini maji yanaweza kuletwa hata miaka kumi ijayo. Kijia kikishajengewa ghorofa hakirudi. Na nyumbu hawatajifunza kuruka ua kwa sababu sisi tulikuwa tunangoja bomba.

Kila kaunti hutakiwa kuwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka kabla ya Septemba 1, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Vikao hivyo tumewaachia wazee, halafu tunalalamika WhatsApp. Mwaka huu twende. Kila kikundi cha haiki kirekodi njia zake kwa simu, kitafute wenye ardhi na kukaa nao chini kabla ya kwenda ofisi yoyote. Mimi nitaanzia kwa yule mzee, na safari hii nitabeba gunia la kuokotea chupa.