Msituhesabie Vichwa

Soma taarifa ya mwaka ya mradi wa ustawi wa jamii, iwe imeandikwa Mwanza, Kilifi au Bujumbura, na hesabu utakayoikuta ni ileile. Wasichana wamefikiwa kwa maelfu. Semina zimefanyika. Wazazi wamejengewa uwezo. Fulana zimegawiwa, mgeni rasmi amepigwa picha akiwa amezungukwa na watoto, na karatasi za mahudhurio zimeambatishwa zikiwa na sahihi na namba za simu, ili mkaguzi asije akauliza posho ilikwenda wapi. Lisilokuwamo ni moja tu: binti aliyesaini mstari wa saba yuko wapi leo? Anasoma? Ameozwa? Aliyekuwa akimpiga nyumbani ameacha?

Hayo hayamo kwa sababu hakuna aliyerudi kuuliza, na hakuna aliyerudi kwa sababu mkataba haukumlipa mtu kurudi. Mkataba ulilipa vichwa, vichwa vikahesabiwa, mradi ukafungwa, gari likahamia wilaya nyingine. Mimi naiita hiyo dhuluma na sitalilainisha neno hilo. Kumwingilia mtu nyumbani kwake, kumhoji siri za ndoa yake na njaa yake, kuandika jina lake, kumpiga picha, kisha kuondoka bila kujua wala kutaka kujua kama maisha yake yamesogea hata kidogo, ni kumtumia. Umaskini wake umekulipa mshahara, na yeye umemwachia kalamu na daftari.

Wapo watakaojibu kwamba hata kama hakuna kilichobadilika, angalau hakuna aliyeumizwa. Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, na nataka tukae hapo kwa muda, kwa sababu jibu lake lilipatikana zamani na taaluma ya ustawi wa jamii imekuwa ikilikimbia tangu wakati huo.

Kulikuwa na daktari wa Boston, Richard Clarke Cabot. Ndiye aliyeanzisha kazi ya ustawi wa jamii katika Hospitali Kuu ya Massachusetts mwaka 1905, alipoona kwamba mgonjwa anaandikiwa dawa kisha anarudi kwenye chumba kilekile chenye unyevu na kazi ileile iliyomwua mapafu. Mwaka 1931 alisimama mbele ya wafanyakazi wa ustawi wa jamii wa nchi yake akawasihi waanze kupima matokeo ya kazi zao. Akatia fedha na jina lake katika mradi wa kuwaokoa wavulana wa Cambridge na Somerville wasiingie katika uhalifu. Wavulana 506 walipangwa wawiliwawili, wanaofanana kwa umri, familia na mtaa, kisha sarafu ikarushwa: mmoja apate msaada, mwenzake asipate. Kazi ilianza mwaka 1939, mwaka ambao Cabot mwenyewe alifariki, ikaendelea hadi 1945. Na ulikuwa msaada kwelikweli. Kila mvulana aliyeangukiwa na msaada alikuwa na mlezi aliyemtembelea nyumbani mara kwa mara kwa takriban miaka mitano. Waliosumbuka na masomo walifundishwa, wagonjwa walipelekwa kwa daktari, wengi walipelekwa kambini wakati wa likizo. Afisa yeyote wa ustawi wa jamii wa Dodoma au Kakamega angelia kwa furaha kupewa bajeti ya namna ile.

Miaka 30 baadaye mtafiti Joan McCord akaenda kuwatafuta, sasa wakiwa watu wazima, na karibu wote akawapata. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1978 ni mabaya kuyasoma hata leo. Waliosaidiwa hawakuwa bora kuliko wenzao walioachwa. Walikuwa na hali mbaya zaidi. Miongoni mwao waliorudia uhalifu walikuwa wengi zaidi, na pia walevi, wagonjwa wa akili, na waliokufa mapema. Uchambuzi wa mwaka 1999 ukaonyesha kwamba madhara yalijikusanya hasa kwa wale waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja. Ukiwakusanya vijana wenye tabia ngumu mahali pamoja, watafundishana.

Sasa sikiliza hili. McCord alipowauliza wanaume hao kama mradi uliwasaidia, theluthi mbili walisema ndiyo. Wengine walisema bila mradi ule wangeishia jela. Walishukuru, na shukrani yao ilikuwa ya dhati. Laiti mradi ungepimwa kwa njia tunayoitumia sisi, yaani kumsimamisha mnufaika jukwaani atoe ushuhuda huku kamera zikimulika, ungepata alama zote, ungeongezewa fedha na kupelekwa mikoa mingine. Kilichofichua ukweli ni kile kikundi cha pili tu, wale ambao sarafu iliwanyima. Bila wao hakuna ambaye angejua.

Wamarekani hawakujifunza upesi. Mwaka 1978 filamu ilionyesha vijana wakipelekwa kwenye gereza la Rahway, New Jersey, wakafokewe na wafungwa wa kifungo cha maisha ili waogope uhalifu. Filamu ikapata tuzo ya Oscar na majimbo mengi yakauiga mpango ule. Majaribio yalipokusanywa na kulinganishwa, ikaonekana kwamba vijana waliotembezwa gerezani walifanya makosa mengi kuliko ambao hawakupelekwa. Watu waliendelea kuwapeleka hata baada ya hapo, kwa sababu ziara ya gerezani inapendeza kutazama.

Asidhani msomaji kwamba hayo ni ya Marekani peke yake. Shirika la BRAC lilianzisha nchini Uganda klabu za wasichana: chumba cha kukutania kijijini, kiongozi ambaye ni binti wa hapohapo, michezo, mafunzo ya afya ya uzazi na stadi za kazi. Klabu hizo zilipimwa katika jamii 150, baadhi zikiwa na klabu na nyingine hazina. Baada ya miaka minne, mimba za utotoni zilikuwa zimepungua kwa theluthi moja, ndoa za mapema zilishuka, wasichana wenye shughuli ya kipato waliongezeka, na waliosema walilazimishwa kufanya mapenzi walipungua kwa karibu theluthi. Ni matokeo makubwa. Kuna binti wa Uganda leo ambaye hakubeba mimba utotoni kwa sababu kijiji chake kilikuwa na chumba kile.

Shirika hilohilo likauleta mpango huohuo Tanzania. Jina moja, wazo moja, jirani na jirani. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2017 ikakuta kwamba klabu zenyewe hazikuleta mabadiliko ya maana katika maisha ya wasichana. Mikopo midogo ilipoongezwa, wasichana walijitokeza zaidi na kuweka akiba, lakini yale ya Uganda hayakuonekana. Waliofanya utafiti wakanyooshea kidole utekelezaji: hapa Tanzania rasilimali zilikuwa chache.

Nawapongeza BRAC kwa ujasiri wa kupimwa na kuacha jibu baya lichapishwe. Lakini je, ni miradi mingapi ya wasichana imezinduliwa Tanzania tangu wakati huo, yenye klabu zilezile na semina zilezile, bila mtu kuuliza kwa nini iliyofaulu ng'ambo ya mpaka ilifeli hapa? Kama tatizo lilikuwa uhaba wa rasilimali, basi kugawa fedha kidogo kwa vijiji vingi ili idadi ya waliofikiwa ipendeze ni kupanda kufeli kwa makusudi. Afadhali vijiji kumi vinavyobadilika kuliko wilaya nzima inayohesabika. Mfadhili hapendi kusikia hivyo, wala mbunge anayetaka mradi ufike kila kata. Watasikia hivyohivyo.

Kuhesabu vibaya kunaweza pia kuua jambo jema. Mwaka 2010 TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii wa Tanzania, ilijaribu kutoa ruzuku zenye masharti katika vijiji vya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vijiji 80 viliingizwa, nusu vikapangwa kwa bahati nasibu kuanza, nusu vikasubiri. Sharti mojawapo lilikuwa kupeleka watoto kliniki. Mwanzoni ziara za kliniki zilipanda, baadaye zikashuka. Mtu wa kuhesabu vichwa angeishia hapo na kuandika kwamba walengwa wamelegea. Waliopima afya yenyewe walikuta siku za kuugua zimepungua, hasa kwa watoto wadogo. Watoto walikuwa na viatu zaidi kuliko wa vijiji vya kusubiri. Kaya zilijiunga zaidi na bima ya afya, zikanunua kuku na mbuzi. Mama aliyepewa fedha alijua pa kuzipeleka, na mtoto asiyeugua hana haja ya kwenda kliniki kila wiki ili kumridhisha mwandishi wa taarifa.

Naambiwa ni ukatili kuwa na kikundi kisichopata msaada. Mnaosema hivyo, mmewahi kuona orodha ya kaya maskini inavyotengenezwa? Kikundi kisichopata msaada kipo siku zote, kwa sababu fedha hazijawahi kutosha. Ni wajane ambao hawajuani na mwenyekiti wa kitongoji. Ni wazee ambao siku ya uandikishaji walikuwa shambani. Kura ya wazi, mbele ya wanakijiji, ya kuamua nani aanze mwaka huu na nani afuate mwakani, ina haki kuliko kalamu ya mtu mmoja usiku. Kenya walipoanza kuwapa fedha walezi wa yatima walikubali kulinganisha maeneo yaliyoanza na yaliyosubiri, na wakagundua jambo ambalo hata hawakuwa wamelipangia: vijana wa kaya zilizopata fedha walichelewa zaidi kuanza mapenzi. Katika nchi zilizoumizwa sana na UKIMWI, hilo si jambo dogo, na lisingejulikana kama kila mtu angeridhika na idadi ya walioandikishwa.

Naambiwa tena kwamba utu haupimiki. Shirika la Raising Voices la Uganda lilipotaka kupunguza viboko na matusi mashuleni, utafiti ulifanywa katika shule 42 za wilaya ya Luwero, na watoto wenyewe ndio waliohojiwa. Baada ya takriban mwaka mmoja na nusu, hatari ya mtoto kupigwa na walimu katika shule za mradi ilikuwa imepungua kwa asilimia 42 ukilinganisha na shule nyingine. Maumivu ya mtoto yalipimika kwa sababu kuna mtu aliyekaa naye chini akamuuliza na kumsikiliza. Asiyepima utu wa mtu mara nyingi ni yule aliyeogopa jibu.

Na swali kali kuliko yote ni hili: fedha hizi zingefanya nini mikononi mwa walengwa wenyewe? Nchini Rwanda kuna waliothubutu kuliuliza. Mradi wa lishe uitwao Gikuriro, uliofadhiliwa na Marekani, ulilinganishwa na kuwapa watu fedha taslimu za gharama ileile, na matokeo yalitolewa mwaka 2018. Katika kipindi kile, mradi haukubadilisha afya ya watoto, wala fedha zile kidogo hazikuibadilisha. Kiasi kikubwa, zaidi ya dola 500 kwa kaya, ndicho kilichoboresha chakula na ukuaji wa watoto. Kila mradi wenye magari matano na hoteli za semina unastahili kusimamishwa mbele ya swali hilo. Ukilishinda, tuupe fedha zaidi. Ukishindwa, tuwape akina mama.

Simlaumu afisa wa ustawi wa jamii wa kata. Yeye ndiye anayeitwa polisi usiku kumchukua mtoto aliyebakwa, ndiye anayetoa nauli mfukoni mwake, na ndiye anayejazishwa fomu za wafadhili watatu zenye maswali yaleyale kwa rangi tofauti. Ukimwuliza pembeni, bila kinasa sauti, atakwambia mradi gani unafaa na upi ni sherehe. Lakini hakuna fomu yenye nafasi ya kuandika hilo, na akiliandika kwa hiari yake, atajulikana kuwa mkorofi na semina ijayo hataitwa.

Basi mkataba ubadilishwe. Kabla mradi haujaanza, iandikwe wazi ni nini kitakachobadilika katika maisha ya watu, na baada ya muda gani. Kama vijiji vyote haviwezi kuanza pamoja, zamu zipangwe kwa kura, na vinavyosubiri vipimwe pia. Itengwe fedha isiyoguswa, pikipiki na mafuta yake, kumrudisha afisa katika kaya zilezile mwaka mmoja baada ya mradi kufungwa, na tena mwaka wa tatu, akiwa na maswali kuhusu mabaya yaliyotokea na siyo mazuri tu. Atakayeripoti kwamba mradi wake umeshindwa, na kueleza sababu, asinyang'anywe fedha kwa kusema kweli, ila anayerudia kilichokwisha kushindwa kwingine bila kukirekebisha asipewe hata senti. Na taarifa hiyo, iwe njema au mbaya, isomwe kwanza katika mkutano mkuu wa kijiji, kwa Kiswahili, walengwa wakiwa wameketi na wana haki ya kupinga, kabla haijatumwa kwa mfadhili.