Wazee waliohama waongoze matembezi ya Lukuga

Watoto wa masomo wa Kalemie wanajua kwamba ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, lakini wangapi wamepelekwa kuona pale Lukuga inapotoka ziwani kuelekea Lualaba? Ndiyo njia pekee ya ziwa kutoa maji. Nusu siku ingetosha kuonyeshwa vilima vilivyobaki pembeni ardhi ilipopasuka, na miti ya miombo ambayo makala hayajaimaliza.

Kiongozi asitafutwe Lubumbashi. Wazee waliokimbia vurugu za 2016 na 2017, Watwa na Waluba, wanajua kila mti kwa jina, na gome lake linatibu nini. Mjini wanahesabiwa kama midomo ya kulishwa tu. Walipwe kwa ujuzi huo, wakingali na nguvu za kupanda kilima.