Vijana wa Ngao na uchoraji wa vipuri kwa kompyuta: Pengo liko wapi?

PAMPU ya maji inapokufa katikati ya msimu, mmea haumsubiri fundi. Kwa mkulima wa Ngao, karibu na Garsen, kipuri kinachoenea kiganjani huenda kikamlazimu kusafiri hadi Malindi au Mombasa, na pengine asikipate huko kwa kuwa pampu yenyewe ni ya zamani.

Kaunti ya Tana River inayafahamu vyema madhara ya mashine iliyonyamaza. Huko Bura, mradi wa unyunyiziaji ulioanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 uliyategemea maji yaliyovutwa kwa pampu kutoka mtoni, na kuharibika kwa pampu hizo mara kwa mara kuliwatesa wakulima kwa miaka mingi. Ni kweli kwamba si kila balaa ni la mitambo: huko Hola mto ulibadili mkondo mwaka 1989, nayo mashamba ya mpunga ya TARDA katika delta yaliharibiwa na mvua za El Niño za 1997 na 1998. Mafuriko hayazuiwi na mchoro. Kipuri kilichochakaa, hata hivyo, chaweza kuchorwa upya na kukerezwa.

Hapo ndipo umuhimu wa kuwafunza vijana usanifu wa mitambo kwa kompyuta unapojitokeza. Mwanafunzi hukipima kipuri, akachora umbo bapa, akalitia vipimo, kisha akalinyanyua liwe na kina. Baadaye huviunganisha vipande na kuieleza programu kipi kizunguke, kipi kiteleze na kipi kisisogee kamwe. Akikosea, mashine huganda kwenye skrini, au chuma kikapenya ndani ya chuma kingine, jambo lisilowezekana karakanani. Kosa hilo akiligundua mapema, hajaharibu hata kipande kimoja cha chuma.

Lakini mwendo wa skrini una hadaa yake. Gurudumu la pampu linalozunguka kwa madaha kwenye kompyuta halijui tope la Mto Tana, ambalo husaga mapanga yake na kula beringi. Asiyewahi kuifungua pampu halisi ataridhika na picha inayopendeza, ilhali nafasi kati ya mhimili na beringi, ambayo hupimwa kwa sehemu za milimita, ndiyo inayoamua kama mashine itadumu.

Zamani kisingizio kilikuwa gharama. AutoCAD, iliyotolewa mwaka 1982, ilihitaji leseni ambayo chuo cha kijijini kisingeimudu. Leo FreeCAD, iliyoanza mwaka 2002, hutolewa bure, na toleo lake la 1.0 la Novemba 2024 lilikuja na zana zake lenyewe za kuunganisha vipande. Ikishapakiwa, haihitaji intaneti. Umeme nao umesogea, kwani laini kubwa inayotoka Rabai kuelekea Lamu ina kituo Garsen.

Pengo lililobaki, basi, ni la walimu na karakana. Somo la uchoraji na usanifu katika mtihani wa KCSE hufundishwa katika shule chache tu nchini, hivyo wengi hukutana na mchoro wa kiufundi kwa mara ya kwanza wakiwa chuoni, tena mbele ya kompyuta. Huko ni kuanzia ukingoni. Kipimio cha chuma, penseli na pampu mbovu juu ya meza vingepaswa kutangulia, na bei yake ni ndogo kuliko ya chumba kilichojaa kompyuta ambazo hufaa zaidi kupigwa picha siku ya uzinduzi.

Katiba ya 2010 iliviweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hiyo swali la nani atamwajiri mwalimu wa uchoraji, na nani atanunua mashine ya kukereza, haliendi Nairobi. Linaishia Hola, mezani pa wawakilishi wa wadi wanaopitisha bajeti kila mwaka.