Nani Ashikaye Ufunguo wa Mahakama?

Wako watu wenye elimu wasemao kwamba uhuru wa mahakama ya juu ni tunda la kiti cha maisha. Jaji asiyeweza kufukuzwa, wasema, hamwogopi mtu. Kauli hii ni tamu masikioni, na Marekani imeishi nayo tangu katiba yake ya 1787. Lakini ni nusu ya ukweli. Hofu ya kutolewa kitini ni jambo moja, na deni la kuwekwa kitini ni jambo jingine.

Na yatazamwe yaliyotokea huko huko Marekani. Jaji Antonin Scalia alipofariki Februari 2016, Rais Barack Obama alimpendekeza Merrick Garland. Baraza la Seneti, lililokuwa mikononi mwa chama kingine, likakataa hata kumsikiliza, kwa hoja kwamba mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi. Ruth Bader Ginsburg alipofariki tarehe 18 Septemba 2020, uchaguzi ulikuwa haujabakiza hata wiki saba. Chama kile kile kikaisahau hoja yake, na Amy Coney Barrett akathibitishwa tarehe 26 Oktoba kwa kura 52 dhidi ya 48. Majaji walioingia hivyo waweza kuwa waadilifu kupita wote. Si wao washtakiwao hapa. Linaloshtakiwa ni lango ambalo chama kimoja chaweza kulifungua na kulifunga peke yake, na urefu wa kiti unaokifanya kila kifo cha mzee kuwa vita vya siasa. Kiti cha maisha hakikuituliza tamaa ya vyama, kimeinenepesha.

Ujerumani, iliyokwisha kuonja uchungu wa mahakama zilizoitumikia dola ya Wanazi, ilishika njia nyingine. Mahakama yake ya Katiba ilianza kazi mwaka 1951 mjini Karlsruhe, mbali na Bonn yalikokuwa makao ya serikali. Ina majaji 16: nusu huchaguliwa na bunge, nusu na baraza la majimbo, kwa theluthi mbili ya kura. Jaji hukaa miaka 12, wala hachaguliwi tena. Basi hapana chama kiwezacho kupenyeza mtu wake bila ridhaa ya mpinzani, wala hapana jaji awezaye kuitunza hukumu yake kwa matumaini ya kura ya pili.

Watasema njia hiyo hukwama. Ni kweli: Julai 2025 bunge liliahirisha uchaguzi wa majaji watatu kwa uhaba wa kura, na mmoja wa waliopendekezwa akajitoa. Lakini nafasi zilijazwa Septemba, na kungoja miezi miwili ni gharama ndogo. Kosa kubwa liko kwingine. Desemba 2024 Wajerumani waliingiza katika katiba idadi ya majaji na muda wao, lakini sharti lenyewe la theluthi mbili wakaliacha katika sheria ya kawaida, ambayo wingi mdogo wa siku moja waweza kuibadili. Walijenga ukuta, na komeo wakaliacha nje.

Kenya yajua maana ya komeo. Mwaka 1988 katiba yake ilibadilishwa, majaji wakapokonywa ulinzi wa kazi zao, hata ukarejeshwa 1990. Katiba ya 2010 ikaipa Tume ya Utumishi wa Mahakama kazi ya kuwachagua, na tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ikabatilisha uchaguzi wa Rais aliyekuwa madarakani, majaji wanne dhidi ya wawili. Hata hivyo, Tume ilipopeleka majina 41 ya majaji mwaka 2019, Rais alikaa nayo hadi Juni 2021, akateua 34, akawaacha sita kwa hoja ya uadilifu; wakangoja hadi Septemba 2022, alipoingia Rais mwingine. Wawili katika sita hao walikuwa wamekaa katika jopo lililotoa hukumu, Mei 2021, dhidi ya mpango wa kubadili katiba ambao Rais yule aliuunga mkono.