Mdororo humfikia kwanza asiye na barua ya kazi

KAULI YA JUMATANO
Na Rehema Kisaka

Kila vyuma vinapokaza, washauri huongezeka. Redioni, kwenye semina, hata msibani, aliyepunguzwa kazi anaambiwa ajiongeze: afuge kuku, auze juisi, aache kuchagua kazi. Ushauri hauna gharama kwa anayeutoa. Mimi leo sina ushauri kwa mtu ambaye kibarua chake kimeota nyasi. Nina neno kwa waliotunga sheria. Sheria zetu za kumshika mkono aliyepoteza kazi zimeandikwa kwa ajili ya mwenye mkataba, mshahara na namba ya uanachama. Uchumi unapoyumba, wa kwanza kuanguka ni yule asiye na hata kimoja kati ya hivyo.

Huku Kaskazini tuliliona hilo mchana kweupe mwaka 2020. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii wapatao milioni 1.5. Mwaka uliofuata, korona ilipoenea duniani, wakashuka hadi 620,867. Mei 2020 aliyekuwa Waziri wa Maliasili na Utalii, Dk Hamisi Kigwangalla, alisema ajira za moja kwa moja katika utalii zingeweza kuporomoka kutoka 623,000 hadi 146,000. Taarifa ya hali ya uchumi nayo ikaonyesha kuwa mwaka huohuo taifa lilikua kwa asilimia 4.8. Wala takwimu hizo hazikudanganya. Dhahabu ilikuwa na bei nzuri, na ujenzi wa barabara na reli uliendelea. Ila ukuaji huo haukupita Moshi wala Karatu. Uchumi wa nchi unaweza kupanda huku sekta nzima imelala chali, na aliyemo ndani ya sekta hiyo hali asilimia 4.8.

Mwangalie mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, ambaye wenzake wanamwita mgumu. Asubuhi langoni Machame, basi dogo linashusha kundi, mizigo inapangwa na kupimwa kwenye mizani kwa sababu mpagazi haruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 20. Nje ya uzio wamesimama vijana ambao hawajapata kundi. Kila mmoja ana begi lake tayari, buti za kuazima miguuni, macho kwa kiongozi wa msafara. Wanangoja mizigo izidi, au aliyeandikwa jana asitokee. Kiongozi akinyoosha kidole, jina linaandikwa, na kijana ameajiriwa kwa siku sita. Akishuka anapokea posho yake na bakshishi, mkataba umeisha. Kama kulikuwa na mkataba.

Mwaka wa neema, kijana huyo huzoea kukaza mkanda Aprili na Mei, mvua za masika zinapopunguza wageni, kisha Juni mambo hufunguka. Mwaka 2020 masika yalipokwisha, mlima uliendelea kuwa mtupu. Hakuna aliyemfukuza kazi, kwa sababu hakuna karatasi inayosema aliajiriwa na nani. Katika hesabu za waliopunguzwa hayumo. Hakupunguzwa, alikoma tu kuitwa.

Mwenye mkataba naye asidhani yuko peponi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa anayepunguzwa kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotumikia, mwisho miaka 10. Mhudumu aliyetandika vitanda vya hoteli kwa miaka 15 ataondoka na mshahara wa siku 70. Aliyetumikia chini ya miezi 6 hana hata kinga ya kudai kwamba aliachishwa isivyo halali, na kazi nyingi za msimu haziifikishi miezi hiyo.

Upo pia mfuko wa hifadhi ya jamii. Tangu mabadiliko ya 2018, aliyeachishwa kazi anaweza kudai fao la kukosa ajira, yaani asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi 6, mradi awe amechangia miezi 18 na hakuacha kazi kwa hiari yake. Ni hatua nzuri, na waliolipata wanajua lilivyowasaidia kulipa kodi ya nyumba. Lakini kumbuka kilichotokea hotelini mwaka ule. Wengi hawakupewa barua ya kuachishwa. Walipewa likizo bila malipo, wakaambiwa wataitwa hali ikitengemaa. Mtu wa namna hiyo amebaki katikati ya mto: mshahara hana, michango yake imesimama, na barua ya kupeleka kwenye mfuko hana kwa kuwa kisheria bado ni mwajiriwa. Wapo waliokaa hivyo miezi mingi wakiogopa kuandika barua ya kuacha kazi, maana wangeiandika wangekuwa wamelipoteza fao kwa mkono wao.

Hapo ndipo bahasha ya kaki inapotolewa kabatini. Kutafuta kazi ni kazi ya kulipia. Nakala za vyeti zinalipiwa, picha za pasipoti zinalipiwa, mhuri wa wakili unalipiwa, nauli ya kwenda kwenye usaili mkoa mwingine inakopwa. Na hapo hujakutana bado na tapeli anayekupigia simu kusema jina lako limepita, tuma hela ya fomu tu. Anajua kabisa kwamba mwenye njaa ya kazi hana subira ya kuhoji.

Na foleni yenyewe ni ndefu hata miaka isiyo ya mdororo. Mwaka 2014 vijana zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa kusailiwa kwa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, wakaomba watu 135,027. Gawanya mwenyewe: takriban 85 kwa kila kiti kimoja. Sasa ongeza kwenye foleni hiyo madereva wa utalii, wapishi, wahudumu na wapagazi walioangushwa wote mwezi mmoja, kisha umwambie kila mmoja kwamba tatizo lake ni kutojiongeza. Walijiongeza sana. Walihamia kwenye bodaboda na mboga kwa wakati mmoja, mpaka madereva wa boda wakawa wengi kuliko abiria.

Najua jibu litakalotolewa: mfuko hauwezi kumlipa asiyechangia. Kweli kabisa. Basi tuulize kwa nini hachangii. Kila mgumu anayepanda Kilimanjaro huandikishwa langoni, na kampuni humlipia ada ya kuingia hifadhini. Kwa maneno mengine, dola inamjua kwa jina, inajua amepanda na nani na atakaa siku ngapi, na inachukua pesa kwa ajili ya kichwa chake. Ni mchango wake wa uzeeni na wa siku za ukame ambao hakuna anayeukusanya pale. Kinachohitajika ni mstari mmoja zaidi kwenye malipo yaleyale: kiasi kidogo kwa kila siku ya mlimani, kiingie kwenye namba yake ya kitambulisho cha taifa (NIDA), bila kujali leo amebebea kampuni gani na kesho gani. Mlima ukiwa mtupu tena, atakuwa na pa kushika. Utaratibu huo ukifaulu langoni Machame, utafaa pia kwa kuli wa bandarini na kibarua wa shamba la maua.

La pili, sheria itamke kwamba likizo bila malipo ikizidi mwezi mmoja, mfanyakazi ahesabiwe kuwa amekosa ajira kwa madhumuni ya fao, bila kumlazimisha kuvunja mkataba. Mwajiri anabaki na mtu wake, mtu anabaki na chakula.

La tatu, tuwe na kazi za muda mijini zinazofunguliwa sekta inapoanguka. Wenzetu Kenya walijaribu mwaka huohuo wa 2020 kupitia Kazi Mtaani: vijana wa mitaa ya mabanda walizibua mitaro na kufagia njia, na katika awamu ya pili walilipwa Sh455 za Kenya kwa siku. Mpango ulikuwa na kasoro zake, malipo yalichelewa na watu walilalamika. Hata hivyo ulithibitisha kwamba serikali inaweza kumfikishia ujira mtu asiye na barua ya mwajiri. Sisi tuna Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), wenye uzoefu wa ajira za muda kwa kaya maskini. Orodha na njia za malipo zipo. Kilichobaki ni uamuzi wa kuzielekeza Arusha, Moshi au Unguja siku ambayo hoteli zinafunga milango, badala ya kusubiri familia zifilisike kwanza ndipo zihesabiwe kuwa maskini.

Waheshimiwa wabunge, haya hayahitaji tume. Yanahitaji kifungu cha sheria na bajeti. Nanyi wenye kampuni na hoteli mnaosoma safu hii, sheria ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Ni karatasi moja na sahihi mbili. Iandikeni kabla msimu haujaanza, kwa sababu msimu ukiharibika mtakuwa mmechelewa, na atakayelipia kuchelewa kwenu ni yule asiyekuwa nayo.